Tone la Mzee

Kichupa kilimponyoka mtafiti, kikagonga ukingo wa mashine, kikatua sakafuni bila kizibo. Alipokiokota hakikuwa na kitu ndani. Protini ya ugonjwa wa watoto ambayo Mzee aliihangaikia mpaka nywele zikamwisha kichwani sasa ilikuwa doa la maji chini ya kiatu chake.

Aligeuka kutazama mlango. Mzee alikuwa chumba cha pili, mbele ya kompyuta, kikombe cha chai kimepoa mkononi. Hakuwa ameona kitu.

Kituo kizima kilikuwa na mashine moja tu ya kupiga eksirei protini ili zionekane zina umbo gani, na vyuo chungu nzima viligombea zamu. Leo zamu ilikuwa ya hawa wawili, kila mtu na chuo chake, kila mtu na kichupa chake kimoja. Mzee alikuwa anastaafu, na zamu nyingine asingepata. Asubuhi aliwahi kufika, akajitolea kupanga vichupa kwenye friji. Lakini saa ya kupima ilipofika, alimwomba mwenzake ampakilie kichupa chake kwenye mashine.

"Mikono hii siku hizi inacheza ngoma yake yenyewe, binti yangu," alisema, akacheka peke yake.

Sasa sauti yake ikaita kwenye spika. "Bado tu?"

"Namalizia, Mzee!"

Ilikuwa kazi ya kusema neno moja. Badala yake akafungua friji, akatoa kichupa chake mwenyewe. Kilionekana kimejaa kuliko alivyokiacha jana, lakini hakuwa na nafasi ya kushangaa. Majimaji yote haya yanafanana, huwezi kuyatofautisha na maji ya bomba. Akanyonya kidogo kwa sindano, akayatia kwenye kichupa cha Mzee. Akapangusa sakafu, akakipachika kichupa kwenye mashine, akatoka na kufunga mlango mzito wa kuzuia miale. Nitamwambia baadaye, alijidanganya.

Miale ikapita. Mstari ukaanza kujichora kwenye kioo cha kompyuta, ukateremka, ukabinuka katikati, ukateremka tena.

Mzee akasimama wima.

"Umeuona huo mbinuko? Imejikunja kama koleo! Nilisema imejikunja kama koleo, wakanicheka mpaka wakachoka!" Akavua miwani aifute, akashindwa kuivaa tena kwa machozi. "Dawa itashika hapo hapo. Watoto watapona, binti yangu."

Mtafiti alitamani ardhi ipasuke immeze. Protini yake mwenyewe hakuwahi kuipima, hakujua ingechora mstari gani. Alichojua ni kwamba mtu akikitamani kitu sana, atakiona popote. Sasa Mzee angeutangazia ulimwengu umbo lisilo lake, watu wangehangaika na dawa isiyoshika, na chanzo ni yeye na woga wake.

"Ngoja nimpigie mke wangu," Mzee alisema, simu tayari sikioni.

"Usipige!"

Sauti ilimtoka kali kuliko alivyokusudia. Mzee akaishusha simu.

"Mzee wangu, kuna jambo. Nisamehe, nilikuwa…"

"Najua," alisema Mzee, akaketi taratibu. Furaha yote ilikuwa imemtoka usoni. "Unataka kupima ya kwako, ni haki yako. Lakini usiipime. Hili jambo nimekaa nalo tangu asubuhi, hata chai haishuki."

Aliitazama mikono yake iliyokuwa ikitetemeka magotini, akashindwa kumtazama yeye.

"Nilikimwaga kichupa chako nilipokuwa nakipanga, binti yangu. Chote. Nikaona haya kukuambia, nikakijaza protini yangu."