Paa la Ziwa

Tangu Mamlaka ilipolifunika ziwa zima kwa turubai jeupe ili maji yasikauke, mawingu yaliyotoka ng'ambo ya Musoma hayakupata tena mvuke wa kuyanenepesha. Yalifika Bukoba membamba, mikono mitupu, yakapita zake, na migomba ya Kokushubila ikanyauka imesimama.

Jioni moja mumewe, fundi wa turubai hilo, alirudi na kipande chake begani.

"Mama Alinda, leo tumegawiwa. Paa letu halitavuja tena."

"Livuje nini, baba Alinda?" Kokushubila alimkazia macho. "Nijibu! Livuje nini?"

"Sikuamua mimi. Mimi nashona tu."

Akapanda ngazi, akaanza kugongelea misumari. Kokushubila aliingia ndani akisonya. Beseni lilikuwa bado palepale, chini ya tundu la zamani. Hakuwahi kuwa na moyo wa kuliondoa. Ghafla likalia: ti!

Alikimbia, akachungulia.

Ulikuwa msumari.

Alitoka nje, akaiondoa ngazi, akailaza kwenye majani makavu ya migomba.

"Wewe! Nitashukaje?" mumewe akapiga kelele.

"Utashuka mvua ikinyesha," alimjibu, wala hakutazama juu.