Bado Hajaiva

Ilikuwa Alhamisi ya tisa, na mkufunzi wa farasi alikuwa amepiga pasi mpaka kamba za viatu.

Dada yake mkubwa, aliyeshika kazi za ofisi ya banda lao, alimwona akipita dirishani na kuguna. Tangu afiwe na mkewe miaka mitatu nyuma, mtu huyu alikuwa akinyoa ndevu pale tu zilipoanza kuingia kwenye chai. Siku hizi ananyoa kila Alhamisi, tena kwa mluzi.

Sababu ilikuwa farasi. Au tuseme, mwenye farasi: mama mmoja mjane, mcheshi, mwenye kofia nyekundu. Alikuwa amemleta Kijana, farasi wake wa kahawia, afundishwe polepole na kutafutiwa mashindano ya kumfaa.

"Ana miaka minne tu," mama huyo alisema siku ya kwanza. "Hajawahi kuona uwanja."

Mkufunzi alimpokea mwenyewe, akaandika daftarini kwa mkono wake: miaka minne, mchanga sana.

Tangu hapo mama alikuja kila Alhamisi, wakawa wanachagua mashindano. Dirisha la ofisi lilikuwa wazi, na dada hakuwa na pamba masikioni.

"Tumwandikishe kipengele hiki cha kuongozwa kwa kamba?" mkufunzi aliuliza, kidole juu ya ratiba.

"Watu watapiga makofi. Si atashtuka?"

"Kweli, atashtuka. Na hiki cha kutembea wanne wanne?"

"Na farasi asiowajua? Mtoto wa watu!"

"Basi tungoje kidogo. Haraka haraka haina baraka."

Ndoo ya bati ikamponyoka dada mlangoni, ikabiringika kwa kelele mpaka chini ya tumbo la Kijana. Kijana aliinua kwato moja kuipisha, akaendelea kutafuna nyasi zake.

"Umeona alivyoshtuka?" mama wa kofia akasema.

"Nimeona, maskini," mkufunzi akajibu.

Mgeni alipoondoka, dada alikuwa amechoka.

"Samaki mkunje angali mbichi," alimwambia mdogo wake. "Wiki tisa mnachagua, na hamjachagua kitu! Mwisho wa kuandikisha ni kesho. Nitamwandikisha mimi: farasi wachanga, kuruka vijiti vya kufika gotini."

"Dada, bado hajaiva."

"Ataivia huko huko uwanjani."

Asubuhi yake alikaa na fomu. Waandaaji walitaka umri wa farasi, uliothibitishwa kwa kutazama meno. Hilo halikumpa shida. Marehemu baba yao alikuwa daktari wa farasi, na aliwafundisha wote wawili kusoma meno kabla hawajajua kusoma herufi. Akaenda bandani, akamshika Kijana taya, akamwinua mdomo wa juu.

Akatazama. Akafuta miwani. Akatazama tena.

Jino la pembeni lilikuwa na mfereji mwembamba, ulioteremka karibu nusu yake, na meno ya mbele yalikuwa yamelala kizee. Hii ilikuwa miaka kumi na minne, ikipungua ni mwezi.

Dada aliketi juu ya robota la nyasi. Njia ya mwongo ni fupi, alijua hivyo, lakini hii ilikuwa imekata katikati ya moyo wa mtu aliyeanza juzi tu kupiga mluzi. Alimwonea mdogo wake huruma. Angeweza kunyamaza. Lakini kesho keshokutwa mtu mwingine angeufungua mdomo ule mbele ya uwanja mzima, na kicheko chote kingemwangukia yeye, mkufunzi asiyejua mtoto wala mzee. Afadhali asikie kutoka kwa ndugu.

Alimkuta chumba cha matandiko, akisugua ngozi kwa mafuta na kuimba chini chini.

"Mdogo wangu, kaa kwanza."

"Kuna nini?"

"Huyu mama wa kofia ametudanganya. Nimemtazama Kijana meno. Yule si mtoto, ni babu. Ameingia viwanjani, nadhani, wakati wewe bado una nywele."

Mkufunzi aliacha kusugua. Kitambaa kikamdondoka. Alisimama, akachungulia nje kushoto na kulia, kisha akafunga mlango taratibu.

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu. Nimeona nianze na wewe. Pole sana, mdogo wangu."

Mkufunzi akaitoa ile fomu mkononi mwa dada, akaichana vipande viwili, halafu vinne.

"Nakuomba sana, dada, lifie hapa hapa. Meno yale niliyasoma siku ya kwanza. Sasa akijua kwamba najua, Alhamisi atakuja kufanya nini?"