Mayi ya Torino

Adolphine alijifunza Kiitaliano kwa nyimbo za mapenzi za kwenye simu, akitwanga sombe, majani ya muhogo, uani kwao mtaa wa Muhumba. Alitaka kumshangaza mume wake siku atakayomfuata Torino.

Kila mwimbaji alipolia "mai, mai", mama yake, aliyesikia mayi, yaani maji, alicheka. "Huyu naye! Kila siku anaomba tu mayi. Kwabo robine ya mayi imekauka?"

Adolphine hakumsahihisha. Neno lile, kwa Kiitaliano, ni kusema kamwe, hata siku moja.

Asubuhi hii mume wake akapiga simu. Mikono ya Adolphine ilikuwa imejaa sombe, basi mama akaweka sauti kubwa. Mume akasalimia, akasema viza imekaribia. Nyuma yake sauti ya mwanamke ikamuuliza kwa Kiitaliano, maneno mepesi, yaleyale ya nyimbo: mke wako anakuja lini?

"Mai," mume akamjibu kwa upole. Kisha akarudi kwenye simu: "Vumilia kidogo, chérie."

Mama akatabasamu. "Na yeye anaomba mayi?"

Adolphine alitazama utomvu wa kijani ukimchuruzika vidoleni, ukipita juu ya pete.

"Ndiyo, maman. Iko na kiu."