Rafiki wa Ng'ambo ya Mti

Mzee Loke aliambiwa atoke roshani, akatoka, akarudi. Ikabidi Selvam, msimamizi wa kreni, ampandie juu mwenyewe.

"Mzee, huu si mchezo. Pande moja la mti huu linatosha kubonda gari likawa sahani. Kaa ndani."

"Nikikaa ndani nitamwonaje?"

"Nani?"

Mzee alinyoosha kidole kwenye majani. Mti wa angsana ulikuwa umeiziba roshani nzima, nyuma ya duka lake la zamani pale mjini Ipoh, Malaysia. Lakini palikuwa na kitundu kati ya matawi, na asubuhi jua likipiga, ng'ambo alionekana mtu. Fulana nyeupe, kikombe mkononi. Mzee akiinua chake, naye anainua chake. Mwaka mzima sasa.

"Anaitwa nani?"

"Leo ndiyo nitamuuliza."

Tangu mkewe afariki, ghorofa ile ilikuwa ya mzee na redio yake. Magoti yalikwisha kumkatalia ngazi. Binti yake alikuwa Perth, Australia, na mzee alikuwa amemdanganya kwamba mti umeoza, utaangukia paa, ili alipie kuukata. Mzee hakujuta hata chembe. Alichoka kunywa kahawa peke yake.

"Mtu wa adabu sana yule," alisema. "Hanitangulii kuinua kikombe hata siku moja. Ananisubiri mimi mkubwa."

"Ng'ambo ipi hiyo, Mzee?"

"Hapo hapo, walipomaliza jengo jipya."

Selvam, ambaye alfajiri alikuwa ameuzunguka mti pande zote kukagua pa kusimamisha kreni, alivua kofia yake ngumu, akaivaa tena.

"Simama mlangoni basi," alisema. "Ukivuka kizingiti, nasimamisha kazi."

Wakaanzia kileleni. Mpandaji alifunga mikanda kwenye tawi, akashuka chini ya fundo, akajibanza pembeni, ndipo akakata. Tawi halikuanguka, lilining'inia hewani, likapelekwa taratibu kwenye kiwanja kitupu. Dereva hakumsikiliza mtu, aliutazama mkono wa Selvam tu. Mzee kwa upande wake aliona ni uvivu mtupu.

"Si mwanzie hapa katikati? Mtanimalizia siku huko juu."

"Nikikata katikati, ya juu yote yanakushukia wewe. Halafu huyo rafiki yako atakunywa na nani?"

Mzee akacheka. Hakukumbuka lini mara ya mwisho alitaniwa.

Kabla ya adhuhuri yalibaki matawi yanayotazamana na roshani. Selvam akapanda tena, jasho likimtiririka.

"Mzee, haya tuyaache. Paa limeshapona. Kivuli chake kizuri, na ndege wapo."

"Ndege nimekaa nao vya kutosha."

"Nisikilize, baba yangu. Tuyaache."

Mzee alimtazama. "Wewe una mke?"

"Ninaye."

"Ukirudi leo atakuuliza umeshindaje?"

"Ataniuliza."

"Basi kata."

Selvam alikaza kofia yake ngumu. Kisha akasimama kando yake pale mlangoni na kumwinulia dereva mkono.

Mzee alinyoosha fulana yake, akachukua kikombe. Aliogopa kidogo, maana hakuwa ameandaa la kusema baada ya kuulizana majina. Mikanda ikakaza, msumeno ukanguruma, na bonge zima la matawi likapaa polepole. Mwanga ukajaa roshani.

Na kweli, ng'ambo yule mtu alikuwepo. Amesimama mlangoni pake, kikombe mkononi, na juu ya kichwa chake kreni ya njano ilikuwa ikipaisha matawi.

Mzee alifurahi mno. Kumbe naye alikuwa amechoka kusubiri. Kumbe naye ameita kreni, siku ile ile, ili waonane.

Selvam akamwekea mkono begani. Ng'ambo, ndani ya ukuta wa vioo wa jengo jipya, mtu mwenye kofia ngumu akamwekea rafiki yake mkono begani.