Faili Lililopotea Njiani

Kwa mara ya kumi na moja Noreen alijaribu kuwasha programu mpya ya kuelekeza mabasi, na kompyuta ikamwandikia yaleyale: hatua ya kwanza imetengeneza faili, hatua ya pili hailioni. Nje, mji mzima wa Duluth, kaskazini mwa Marekani, ulikuwa mweupe kwa theluji. Mabasi ya shule yangeondoka saa tisa, na programu ya zamani ilikuwa bado inawaelekeza madereva kwenye daraja lililofungwa.

"We dada, umelala huko?" bosi alifoka kwenye simu. "Wazazi wananimaliza!"

Noreen aliendelea kusoma maagizo ya programu kwenye skrini. Kidole chake kilichopasuka kwa baridi kilishuka mstari kwa mstari, kikasimama. Agizo la kukabidhi faili kwa hatua ya pili lilikuwa limefutwa Ijumaa. Pembeni bosi mwenyewe alikuwa ameandika: "Nimesafisha kidogo."

"Bosi," alisema taratibu, "umekaa? Nimempata aliyelifuta agizo."