Nyota ya Kaa

Kijiko kiligonga kikombe mara moja jikoni, kisha kikanyamaza. Nje kulikuwa bado giza.

Mshonaji alifumbua macho. Mumewe, fundi bomba, alizoea kukoroga chai kwa kelele mpaka majirani wajue kumekucha. Leo alikuwa anakoroga kwa kunyata. Alikuwa na jambo.

Alisogea hadi kwenye upenyo wa mlango. Mumewe alikuwa ameinua kitu chembamba kwenye taa, kinang'aa, anakitabasamia. Akakitia kwenye mfuko wa ovaroli iliyolala kitini, akaenda kuoga.

Mkono wa mshonaji ulitangulia kabla hajaamua. Ulikuwa mkufu mpya wa fedha, na katikati yake kaa mdogo, magando juu. Aliurudisha kama ulivyokuwa.

Mezani chai yake ilifunikwa kwa kisahani isipoe, kama kila siku kwa miaka kumi na moja. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Leo unakwenda wapi?" alimuuliza alipotoka bafuni.

"Kule kule, nyuma ya duka la samani. Lile bomba bado linavuja."

"Bomba gani linavuja wiki ya tatu, na fundi ni wewe?"

"Bomba jeuri," alisema fundi, akainama kufunga viatu. Aliinama muda mrefu.

Baiskeli yake ilipopotea kwenye kona, mshonaji alitia nguo zake chache kwenye mfuko. Shangazi aliyemlea alikuwa amempigia simu siku chache kabla.

"Mumeo ananiulizia mambo yako ya uchanga," Shangazi alisema. "Eti nilikuchukua hospitali gani. Nikamwambia miaka mingi hiyo, nakumbuka tu nilikukuta yatima mwenye mashavu kama puto. Mmegombana? Mwanamume akianza kumchimba mkewe, ujue anatafuta kasoro."

Sasa alidhani anajua kasoro ilikuwa inatafutwa kwa ajili ya nani: mwenye mkufu. Kama kweli yupo mwanamke huyo, jioni hiyo angelala kwa Shangazi, na asingerudi.

Kwenye karakana ya sare za shule alikaa karibu na mkata vitambaa, ambaye hakuwahi kukosa ukurasa wa nyota gazetini.

"Mtu anavaa kaa shingoni kwa nini?"

"Ni nyota yake hiyo." Mkata vitambaa alilamba kidole, akafunua gazeti. "Huyu hapa. Kaa, kuanzia tarehe ishirini na moja Juni mpaka ishirini na mbili Julai. Hao, shoga yangu, wakiingia nyumba ya mtu hawatoki."

Mumewe alikuwa wa Machi. Mshonaji aliwapitia mawifi, majirani, wateja. Hakumpata Kaa hata mmoja.

"Usijitafute, wewe ni Mbuzi," alisema mkata vitambaa. "Mosi Januari, kama mimi, kama nusu ya karakana hii. Karani wa shule alituzaa wote siku moja kwa kalamu yake."

Wenzao walicheka. Mshonaji alijaribu kutunga uzi, ukakataa kuingia kwenye tundu, ukakataa tena. Mkata vitambaa aliutazama ule mkono, kisha akautazama mfuko wa nguo chini ya cherehani. Alilivuta tu rundo la kola kutoka mezani kwa mwenzake.

"Nenda," alisema kwa sauti ya chini. "Hizi nitakumalizia."

Nyuma ya duka la samani kulikuwa na uchochoro mmoja tu. Baiskeli ya fundi ilikuwa imeegemezwa ukutani, imefungwa mnyororo, kama ya mtu asiye na haraka. Mshonaji alisimama mbele ya mlango mpaka pumzi zikatulia kidogo. Akabisha.

Aliyefungua alikuwa mwanamke wa rika lake, mzuri, nywele zimelowa, taulo begani. Maneno yote aliyoyapanga njiani yalimtoroka, likabaki moja.

"Samahani, dada. Umezaliwa lini?"

"Tarehe nne Julai." Yule mwanamke alimtazama toka kichwani mpaka kwenye mfuko wa nguo. "Kwani siku hizi mnahesabu watu?"

Taulo liliteleza. Shingoni mwake alining'inia kaa wa fedha, magando juu.

"Niitie mume wangu," alisema mshonaji. Hakuitambua sauti yake mwenyewe.

Fundi alitokea akiwa na spana mkononi. Hakukana. Alimwangalia mkewe, akauona ule mfuko, na uso ukamshuka.

"Nilitaka nikulete Jumapili," alisema. "Nilitaka kwanza niwe na hakika."

Akatia mkono mfukoni, akatoa mkufu. Kaa wa pili. Huu ulikuwa mpya. Ule wa shingoni mwa yule mwanamke, kwa karibu, ulikuwa umefifia kwa kuvaliwa miaka mingi.

"Ni nani hapo mlangoni?" sauti iliuliza kutoka chumba cha ndani.

Kilikuwa chumba kidogo kilichojaa harufu ya dawa ya kuchua. Bibi mmoja mzee alijiinua kwenye mito, na yule mwanamke akawahi kumwekea mkono mgongoni.

"Ndiye? Msogezeni nimwone hayo mashavu."

Mshonaji alisogea, mfuko bado mkononi. Bibi alimshika kidevu, akamgeuza huku na huku, taratibu.

"Wewe na binti yangu huyu mlizaliwa usiku mmoja, mwanangu, kitanda changu na cha mama yako vimegusana," alisema. "Mama yako hakuamka, nami nikawanyonyesha wote wawili mpaka shangazi yako alipofika. Mumeo aliponisimulia habari za yatima mwenye mashavu kama puto, nikajua ni wewe. Sasa njia umeijua. Uje tena."