Mpira wa Tyubu

Meneja Kiponda aliingia na gasketi, mpira wa kuzibia kifuniko cha chujio, aliyoikata mwenyewe kwenye tyubu kuukuu ya lori, ameitundika begani kama mgolole. Sikudhani, fundi mkuu wa kiwanda kile cha mafuta ya alizeti, aliitazama kama anavyotazamwa nzi kwenye chai.

"Nyumbani mpira kama huu nimefungia tangi la maji," meneja alisema. "Mwaka wa tatu huu, halivuji hata tone."

"Hilo ni la maji, bosi. Chujio hili linapitisha mafuta ya moto."

Sikudhani alichukua kipande cha tyubu ileile kilichobaki jana meneja alipoikata, alichokuwa amekilowesha tangu asubuhi katika kikombe cha mafuta ya moto. Kilikuwa kimevimba. Akakivuta, kikanyumbuka kama bigijii iliyotafunwa, kikakatika.

Meneja hakukitazama. "Usinifundishe kazi. Funga."

Sikudhani akafunga. Alikaza bolti moja moja, kwa zamu, bila haraka, kana kwamba anafunga kitu cha maana. Kisha akaenda ofisini kwa meneja, akarudi na kiti cha bosi cha ofisini, chenye vigurudumu. Akakisukuma mpaka mbele ya kifuniko cha chujio, hatua moja tu kutoka kwenye bolti, akakifuta vumbi kwa kitambaa chake cha mkono.

"Karibu, bosi. Ukiona inavuja utatuambia."

Wafanyakazi wakarudi nyuma mpaka mlangoni. Meneja akakitazama kiti, akatazama mlango.

Sikudhani alikwisha kushika usukani wa valvu ya kufungulia mafuta, anamngoja akae.